Radhi za Mzee Shee

Tangu Kiswahili kipigwe marufuku majumbani, kila nyumba ina kidude ukutani kinachosikiliza. Ukiropoka neno la kwenu tu, umeme unakatwa mpaka kesho. Na Mwanakombo alikuwa hajavuka hata somo la jikoni la Kiingereza: "water" ya kunywa, ya kuoga, ya kuchemshia chai.

Mumewe, Mzee Shee, alipumua kwa mashine. Jioni ile macho yalimbadilika, na Mwanakombo akajua wakati wa kuombana radhi umefika. Akakimbilia uani, kidude kisikosikia, akamuuliza bintiye, Esha, Kiingereza cha radhi.

"Sikijui, mama. Labda kiko masomo ya mbele huko."

Akarudi, akamshika mumewe mkono. "Water?" akamwambia, machozi yakimtoka. "Hot water?"

Mzee Shee akamtazama sana. Kisha akaivuta barakoa pembeni.

"Nimekuwia radhi, mke wangu. Nawe niwie radhi."

Taa zikazimika, mashine ikanyamaza. Kidude kilaanifu hakikuwa na cha kukata tena. Mwanakombo akamjibu kwa Kiswahili chote alichokuwa amekibana kifuani, lakini gizani mle hakujua kama bado anamsikia.