Kidole Kilichozidi

Jumapili ile Jairus aliongoza kwaya kwa ngumi.

Waimbaji wa Kimilili walikuwa wamezoea mkono wake wa kulia ukiwa wazi, vidole vikiita sauti ya nne na kuituliza ya kwanza. Sasa ngumi mbili zilipanda na kushuka kama za mtu anayetwanga. Wimbo ulivunjika kwenye ubeti wa pili. Baada ya ibada pasta alinyoosha mkono amsalimu. Jairus akainamisha kichwa tu, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Yote yalianzia mezani, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Peris, mke wake, alikuwa akisoma kitu kwenye simu.

"Baba Nangila, hebu weka mkono hapa. Wa kulia."

Akauweka, akicheka. Peris alimsomea, maana Jairus hakuona tena herufi ndogo na miwani hakuitaka. Ati watafiti wamepima vidole vya wanaume wengi. Ati kuna vidole vinavyoendana na saratani ya tezi dume. Hapo aliinua macho, akautazama mkono wa mumewe, kisha akaendelea polepole: walio hatarini zaidi ni wale ambao kidole chao cha shahada kimekizidi cha pete.

Jairus akaangalia. Chake cha shahada kilikuwa kimezidi kwa urefu wa punje ya mahindi. Kicheko kikamkauka.

Kwa miaka miwili alikuwa akisimama nyuma ya ua wa shamba, akingoja mkojo uliokuja kwa matone. Peris alikuwa amembembeleza aende hospitali. Alikuwa amemtuma pasta, akamtuma hata Nangila, binti yao. Jibu lilikuwa lile lile. "Ni uzee, bana. Si hata baba alikuwa hivyo?" Baba yake alikufa akiwa amejikunja kitandani, na hakuna aliyeutaja ugonjwa.

Sasa jibu hilo halikumtosha hata yeye. Mkono ulikuwa hapo hapo. Ulimega ugali mbele ya macho yake, ukafunga vifungo vya shati, ukampaka sabuni usoni.

Jumatatu alikimbilia Bungoma kwa mdogo wake Hillary, akidai anatafuta kitambaa cha sare za kwaya. Alizunguka madukani bila kuulizia kitambaa chochote. Aliangalia mikono. Wauza viatu, mafundi wa baiskeli, makanga wa stendi: ilionekana kila mwanaume mjini amepewa vidole vyema, yeye tu amenyimwa.

Jioni Hillary alimmiminia chai. Kidole kile kikajikunja kwenye mkono wa kikombe, na Jairus akaona kama kimerefuka tangu asubuhi.

"Mbona hunywi?" Hillary akauliza.

"Ni moto."

Chai ilikuwa imepoa kitambo.

Mtu anaweza kumkimbia mke, akamkimbia hata askari. Mkono wake atauacha wapi? Kulipokucha alimpigia Peris simu.

"Jitayarishe twende Kitale. Wapime, waseme, niache kuteseka."

Kitale walimtoa damu. Kisha kikaja kile kipimo cha njia ya nyuma alichokiogopa miaka yote. Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Jepkorir, alimwambia alale kwa ubavu, ageukie ukuta. Kiliisha kabla Jairus hajamaliza kuomba. Baadaye wakachukua vipande vidogo vya nyama ya tezi, wakamwambia arudi nyumbani angoje majibu.

Siku hizo za kungoja hakwenda kanisani wala shambani. Alikaa sebuleni, mapazia yamefungwa, mkono ameukalia. Peris alimletea chakula, akaketi naye, wala hakusema neno kuhusu vidole.

Siku ya majibu Jepkorir alifunga mlango wa ofisi.

"Mzee, saratani iko. Lakini ni ndogo, haijatoka nje ya tezi. Hii tunaitibu. Ungekaa nyumbani miaka mingine, tungekuwa tunaongea mambo mengine kabisa."

Jairus alilia. Alilia mpaka mabega yakatulia, kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza, wazi.

"Ni hivi vidole, daktari. Mama Nangila alinisomea ule utafiti. Hiki kirefu ndicho kilinishtaki."

Jepkorir aliushika mkono, akaugeuza, akakunja uso.

"Huo utafiti naujua. Si kipimo cha ugonjwa, na wengine wanaupinga. Lakini hata huo ulisema wenye cha shahada kirefu ndio wenye nafuu. Kwa mkono kama huu ungeambiwa ukalale usingizi." Akamgeukia Peris. "Mama, nafikiri ulisoma vibaya."

Peris alikuwa akimfunga mumewe vifungo vya koti. Hakuinua macho.

"Hapana," alisema. "Nilisoma vizuri."