Kisima cha Nyuma ya Ghala

Shimo la tano nalo halikunuka. Methusela alichukua bonge la udongo kutoka chini kabisa, akalipeleka puani na kuvuta pumzi kama mtu anayekagua samaki wa juzi. Udongo mtupu. Bwana afya huyu alikuwa ametumwa kutoka Tanga kutafuta mafuta ya taa ardhini, na ardhi ilikuwa inamkatalia.

Hapo Moa, nyuma ya ghala lililofungwa, palikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Vingine vyote vilikuwa vya chumvi. Tangu mwezi wa Rajabu kisima hicho kilinuka mafuta ya taa, na hakuna aliyekunywa tena. Ghala lilikuwa la tajiri mmoja aliyenunua ngozi za ng'ombe na kuzichovya kwenye dawa ili zisiliwe na wadudu. Aliuza pia mafuta ya taa kwa madebe. Mwaka 1953 alifunga milango, akahamia Mombasa. Mji mzima ulisema madebe yake yameozea chini ya sakafu.

"Ni yeye tu," alisema Mwalimu Mselem wa msikitini, aliyekuwa akimshikia Methusela kamba ya kupimia. "Nani mwingine?"

"Mafuta yangekuwa yanatoka ardhini, mwalimu, udongo wa chini ungenuka. Hapa unanuka ukingo wa kisima peke yake. Kuna mtu anamwaga."

Mwalimu aliitazama nyumba ya makuti iliyokuwa hatua chache kutoka pale, kisha akageuza uso haraka. Methusela aliliona hilo.

"Ile nyumba ya nani?"

"Ya Bi Mwanamkasi, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mchovya ngozi wa tajiri. Tangu afiwe, maneno yake si ya kushika."

Methusela alikwenda kupiga hodi. Akamkuta mama wa makamo akimimina maji mtungini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba."

"Maji haya umeyateka wapi?"

"Kichangani."

"Mwendo wa nusu saa, na kule ni chumvi tupu?"

"Hiki cha hapa kinanuka, si umekuja kwa hilo?"

"Majirani wanasema ulikihama kabla hakijaanza kunuka."

Mwanamkasi aliufunika mtungi polepole. "Kifungeni kisima hicho, baba. Kijazeni mchanga, mmalize."

"Kwa nini?"

"Nshasema, wakaniita mwehu. Sisemi tena."

Methusela alitoka na mashaka tele. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba mjane huyo hununua chupa ya mafuta kila Ijumaa. Lakini taa pekee aliyoiona ukutani mwake ilikuwa imetandwa na utando wa buibui, na utambi wake ulikuwa mkavu. Mtu mwenye kinyongo na mji hakosi pa kukitolea, akawaza, na mwanamke huyu moyo wake umeharibika. Alianza kumchukia.

Kwa siku mbili vijana walikikausha kisima kwa madebe. Wakasugua kuta, wakabadilisha kamba, wakachota hata tope la chini. Askari wa jumbe akawekwa kukilinda. Siku ya tatu maji yalipanda upya, maangavu, bila harufu hata chembe. Mwalimu alipiga bismillahi, akanywa. Methusela akanywa bilauri mbili mbele ya watu wote ili wasiwe na wasiwasi, na wanawake wakapiga vigelegele. Kwa kweli alijiona mtu siku hiyo. Chupa aliyokuja nayo ya kupelekea maji kwa mkemia Dar es Salaam aliirudisha sandukuni tupu. Kwa maji kama yale, ya nini?

Kisha akamchukua askari, wakaenda nyumbani kwa Mwanamkasi.

Chini ya kitanda walikuta chupa tisa. Zote zilinuka mafuta ya taa. Mwanamkasi hakukana. Alisimama tu, ameshika ncha ya leso yake, akisikiliza kelele za watu kisimani.

"Miezi mitatu umewanyima watu maji," alisema Methusela. "Wajawazito, wazee, wote wanajikokota mpaka Kichangani kwa ajili yako. Utafungwa, unajua?"

"Wameshayanywa?"

"Mji mzima."

"Na watoto?"

"Watoto ndio waliotangulia. Na mimi mwenyewe bilauri mbili, na sikuona ubaya wowote."

Mwanamkasi alikaa sakafuni, akalia kwa sauti. Methusela hakumhurumia hata kidogo. Alikwisha kuona wengi wakilia baada ya kushikwa. Akamwashiria askari amwinue.

"Ile dawa ya ngozi ilimla mume wangu mikono, mwisho ikamuua," Mwanamkasi alisema. "Naye kwa miaka sita alikuwa akimwaga makapi yake pale nyuma ya ghala, pipa kwa pipa. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamwambia imeingia kisimani. Akayatazama maji, akayaonja, akayanusa. Akasema hayajageuka rangi, wala ladha, wala harufu, basi ni safi, watu wanywe."

Alijifuta uso kwa leso.

"Ndipo nikayageuza harufu."