Tume ya Kifo cha Nyangumi

Nyangumi alikwama ufukweni, na kabla ya adhuhuri Kunguru, mpenda vyeo, alikwisha kuunda tume ya kuchunguza kifo chake. Sheria ya ufukwe ule ilikuwa kwamba maiti hailiwi mpaka chanzo cha kifo kijulikane. Wachunguzi tu ndio walioruhusiwa kuchukua sampuli.

Kunguru akachukua sampuli ya jicho. Fisi, ambaye hajawahi kushiba, akachukua ya mkia, kisha akarudia mara tano ili kuhakikisha. Kaa, kwa kuwa ni mdogo na hajui kusema uongo, akatumwa aingie mdomoni mpaka ndani kabisa.

Siku ya tatu Kaa akatoka.

“Haya, umeona nini?” Kunguru akauliza. “Sumu? Nyavu?”

“Mheshimiwa, sikuona kitu. Nilisikia moyo wake ukipiga. Umesimama leo asubuhi.”

Fisi akaacha kutafuna.

Kunguru akafuta mdomo wake mchangani, taratibu. “Ripoti itasema chanzo hakijulikani,” akasema. “Na huyu shahidi wetu naye simwoni mzima. Bwana Fisi, hebu mchukue sampuli.”