Karani Mwenye Mkongojo

Ngo, ngo, ngo. Mkongojo uligonga sakafu ya klabu ya waandishi wa habari, nami nikakatiza maneno jukwaani. Nilikuwa nikiwaeleza wageni jinsi tunavyowalinda wanaotupatia siri.

Karani wa ghala la dawa, aliyenipa siri niliyoiandika gazetini, alifika kwenye kipaza sauti. Mpira wa ncha ya mkongojo wake ulikuwa umelika upande mmoja.

"Mwanangu, jina langu ulilificha vizuri, hongera. Lakini uliandika 'karani mwenye mkongojo.' Kwani pale ghalani tuko wangapi?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Jumatatu walinifukuza."

Kabla ya kuchapisha, mhariri alitaka kuyafuta maneno yale matatu. Nilimbishia kwa kiburi, kwa kuwa yalinipendeza masikioni.

Nilishuka jukwaani.

"Mzee wangu, kesho nitaandika kwamba aliyekuponza ni mimi."