Mgeni Aliyesoma Barua za Peres

Waweru wa idara ya madai alikuwa amemwandikia Peres wa uhasibu tangu asubuhi, na Peres alikuwa bado hajamjibu. Barua pepe yenyewe ilikuwa fupi: je, angekubali waende bustani ya Arboretum siku moja, wakae tu kwenye nyasi?

Ndunge aliisoma tena kwenye skrini yake. Kazi yake ilikuwa kulinda mtandao wa kampuni moja ya bima katikati ya Nairobi, na barua zote za ofisi hiyo zilipita mikononi mwake. Alijua Wanjira wa mapokezi alimnunia nani kwa kumaliza maziwa. Alijua mtoto wa Bramwel ameanza kutembea. Yeye hakuna aliyemwandikia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya lifti, na jioni akifika kwake Mountain View aliwasha redio kabla hata ya kuvua viatu, ili nyumba iwe na sauti.

Kabla ya chakula cha mchana alama nyekundu ikatokea kwenye skrini. Mtu alikuwa ameingia mtandaoni kwa nenosiri la wizi. Ndunge akampigia simu meneja wake, Kiarie.

"Amekuja," akasema.

"Ni yule yule?"

"Ndiye. Yuko kwa saiba ileile ya Kangemi, kwa kompyuta za kukodi."

Mara ya kwanza mwizi huyo aliondoka na siri za wateja, na wakurugenzi wakasema wazi: akifaulu tena, idara nzima ya Ndunge inaenda nyumbani.

"Usimfungie mlango," Kiarie akasema. "Polisi wako njiani. Mshikilie hapo hapo. Na hao watu wako wasinyamaze, asije akashtuka."

Hawakunyamaza. Wanjira alitangaza kuna keki jikoni. Bramwel akalalamika kuhusu printa. Mwizi akapita kwenye faili moja baada ya nyingine, taratibu, kwani mtandao wa miaka hiyo ulikuwa wa kukokota. Ndunge akamfuata kwa macho. Ilikuwa ajabu kukaa na mtu hivyo, muda wote huo, bila yeye kujua kwamba upo.

Simu ikalia. "Wamekwama Westlands, jam imekataa kusonga," Kiarie akasema. "Bado yuko?"

Mwizi alikuwa anafunga faili. Alikuwa anaondoka. Vidole vya Ndunge vikaenda mbio kwenye kibodi.

Barua ya Peres ikaingia. "Waweru, nimekusoma mara nyingi leo. Sikunyamaza kwa kiburi. Nimezoea kula peke yangu, na ukizoea hivyo unasahau mtu hukubali vipi. Nipe mpaka jioni."

Mwizi akarudi. Akaifungua. Halafu akaanza kurudi nyuma, barua ya juzi, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita. Akazisoma zote.

Alasiri Kiarie alikuja mwenyewe, tai imelegea, uso umejaa raha.

"Wamemshika. Na unajua alikuwa anafanya nini? Anasoma barua za mapenzi. Ati aliomba polisi wamngoje amalize." Akacheka.

Ndunge hakucheka. "Ni mtu wa aina gani?"

"Mtu tu. Ana kachumba huko Kangemi. Walimwambia apigie mtu wa kwao simu, akasema hana." Kiarie akashika kitasa cha mlango. "Umefanya kazi nzuri, Ndunge. Sasa zima hiyo mashine, haina kazi tena."

Ndunge alingoja nyayo zake ziishie kwenye ngazi. Akafungua sanduku la barua la Peres kwa nenosiri alilolitunga yeye mwenyewe, kama alivyofungua la Wanjira na la Bramwel kila siku tangu alipoagizwa kuunda ofisi ya uongo ambayo mwizi angeiamini. Akaandika, "Waweru, nimekubali," akaituma.

Kisha akaingia kwa jina la Waweru, ili awepo mtu wa kuisoma.