Dawa ya Kutuliza

Kwa siku tisa, katika wodi ya hospitali ya mji, Siwema alimwambia mumewe neno moja tu: "Pigana, Baba Tunu." Alilisema akimnywesha uji, alilisema akimgeuza kitandani, mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kumi, adhuhuri, daktari alikuja na sindano.

"Virusi vya korona vimepungua sana, mama," alisema. "Kinachomuumiza sasa ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Ilichelewa kushtuka, na iliposhtuka ikaja kwa fujo. Inayaunguza mapafu yake. Dawa hii itaituliza."

"Yaani mwili wake unapigana kupita kiasi?"

"Ndiyo, mama."

Siwema aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu imemvimba kwa kusimama. Aliitazama dawa ikiingia mkononi mwa mumewe mpaka ikaisha, kisha akamwinamia sikioni. Maneno yalimwia mazito.

"Basi, Baba Tunu," akanong'ona. "Umepigana vya kutosha. Tulia sasa."

Kifua cha mumewe kilishuka polepole. Siwema akaweka kiganja juu yake, akasubiri kiinuke tena.