Golikipa wa Upande wa Pili

"Tokeni! Wote kwenye basi, sasa hivi!" kocha akafoka.

Ngurumo ilikuwa imesikika mara moja tu, tena kwa mbali, na nusu ya uwanja bado iliwaka jua. Wasichana wake walikuwa wanaongoza kwa bao moja, na fainali ilikuwa ukingoni. Mwamuzi akamkumbusha kocha kwamba kutoa timu ni kupoteza mechi.

"Basi andika tumepoteza."

Mashabiki wakamzomea. Nahodha wake akampita analia, hata kumtazama hakutaka. Wachezaji wawili walikimbilia chini ya mti. Akawafuata, akawakokota mpaka ndani ya basi, akafunga madirisha.

Kisha akarudi mbio uwanjani, moja kwa moja hadi golini kwa wapinzani.

"Na wewe toka hapo! Achia hicho chuma!"

Golikipa, msichana mrefu mwenye uso mkavu, alikuwa ameegemea mlingoti. Akamgeuzia mgongo.

"Nakuomba, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Kocha wa wapinzani akaja kifua mbele. "Mzee, woga wako umekunyima kombe, sasa unataka kuwaambukiza na wangu? Hebu tupishe."

Filimbi ikalia. Ushindi wa mezani. Wasichana wakamiminika golini kumkumbatia golikipa wao.

Radi haikungoja mvua.

Kocha alipofumbua macho, wasichana walikuwa wametapakaa kwenye nyasi, wengine wanatambaa, wengine wanaita mama zao. Golikipa peke yake alikuwa amelala bila hata kutikisika.

"Usimguse! Ana umeme huyo!" mtu akapiga kelele.

"Hana umeme wowote! Iteni gari la wagonjwa!"

Akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua. Akakandamiza mpaka mikono ikafa ganzi, mvua ikawakuta hapohapo, naye hakuacha. Mwishowe msichana akakohoa, akafumbua macho.

Gari lilipofika, muuguzi akauliza, "Ndugu yake ni nani, apande naye?"

"Mimi," kocha akasema. "Mimi ni baba yake."

Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele za watu tangu alipomtelekeza binti huyo na mama yake.

Muuguzi akainama juu ya machela. "Ni kweli, binti? Huyu ni baba yako?"

Golikipa akamtazama kocha.

"Baba alikufa," akasema.